Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wafinyanzi, Kisumu

Ndugu wanachama, hamjambo.

Mengi ya mwaka huu mnayajua kwa sababu mlikuwapo, au mngeyajua kama mngekuja. Tuliuza sokoni Kibuye na ufukweni Dunga kama kawaida. Mvua ya masika ilichelewesha kukauka kwa vyungu, nayo si habari mpya. Vijana walifundishwa likizo ya Agosti. Mlango wa karakana umepata kufuli jipya. Hayo yatosha.

Mweka hazina ameniandikia hivi: ada ya waliomaliza 38,400, ada ya waliolipa nusunusu 11,200, mchango wa mauzo 23,900, jumla 73,500. Kodi ya karakana 36,000, udongo na usafiri wake 14,500, mazungumzo ya wafinyanzi 12,000. Salio 11,000. Risiti zote ziko kwake, anayetaka akazione.

Sasa niingie kwenye lile jambo ambalo limezungumzwa kila mahali isipokuwa mkutanoni.

Mkutano uliopita uliazimia tuweke akiba ya gesi ya tanuri. Kamati, nikiiongoza mimi, ilitoa 12,000 kwenye akiba hiyo ikawalipa wafinyanzi wakongwe wanne, 3,000 kila mmoja, waje karakanani watusimulie maisha yao na walivyoingia katika kazi hii. Mwenzetu mmoja akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba chama sasa kinalipia watu kupiga soga. Leo ni siku nzuri ya kusimama ayaseme hayo mbele yetu. Katiba yetu inairuhusu kamati kuhamisha fedha zisizozidi 15,000. Nakala imebandikwa ukutani, nyuma ya rafu ya vyungu vibichi. Na usafiri wa wazee wawili ulikuwa gari langu na mafuta yangu. Sikudai hata shilingi.

Gesi tungeichoma ikaisha. Waliokuja siku ya yule mama kutoka Alego, Siaya, mmoja wa wale wanne, wanajua walichoondoka nacho. Hakugusa gurudumu la kufinyangia. Aliketi chini, miguu ameinyoosha, akajenga chungu pete juu ya pete huku akilainisha ukuta wake kwa kipande cha kibuyu. Kisha akaviringisha kamba iliyosokotwa shingoni mwa chungu, na mapambo yakajitokeza yenyewe nyuma ya kiganja chake. Alipoulizwa nani alimtia hamu ya kazi hii, alicheka. Kwao mwanamke huianza akishaolewa, na mwalimu ni mama mkwe. Wake alimtwangisha vigae vya vyungu vilivyovunjika, avichekeche na kuvichanganya na udongo usije ukapasuka motoni, na hakumruhusu kufinyanga chochote hadi aliporidhika na unga wake. Wangapi kati yetu wangevumilia hilo? Sisi tunataka cheti baada ya wiki mbili.

Kijana wetu mmoja akampa bakuli lake linalong'aa. Mama akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema limeiva vizuri ila maji yake hayatapoa. Ni kweli. Dapi, chungu cha Wajaluo cha maji ya kunywa, hupoza maji kwa sababu vinyweleo vyake viko wazi: maji hupenya polepole hadi nje, yakikauka huondoka na joto. Ile rangi ya kioo tunayoililia, mpako unaoyeyuka motoni na kuking'arisha chombo, huziba njia hiyo. Somo hilo lilitugharimu 3,000, nauli ikiwemo.

Wanaosema ya wazee hayana soko wamwangalie mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Kenya mwaka 1950. Alikwenda Uingereza mwaka 1971 akasomea michoro ya biashara. Mwaka 1974 alikwenda Nigeria, katika mji ulioitwa Abuja wakati huo (sasa Suleja), kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na mfinyanzi Mwingereza Michael Cardew, na huko akajifunza kufinyanga kwa mkono kutoka kwa wanawake, miongoni mwao Ladi Kwali, mfinyanzi mashuhuri wa Nigeria. Vyombo vyake havipakwi rangi ya kioo. Huvisugua mpaka ving'ae, huvichoma vikawa vyekundu, na vingine huvirudisha motoni penye hewa haba vikawa vyeusi. Viko katika majumba makubwa ya makumbusho, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha heshima cha Dame. Ladi Kwali naye yuko kwenye noti ya naira 20. Kama kusikiliza akina mama ni soga, basi nami naomba niandikwe kuwa mpiga soga.

La kusikitisha ni mahudhurio. Tuko wanachama 41. Siku ya mzee wa Ilesi, kule Kakamega, walikuja tisa, na wawili kati yao walifuata chai. Mikutano miwili haikufikia akidi. Najua Jumamosi ni siku ya matanga, na hakuna atakayekatazwa kuzika. Lakini tulipohamia Jumapili alasiri mkasema kanisa linachelewa kutoka, na tulipojaribu Jumatano mkasema ni siku ya kazi. Ada nayo ni 200 kwa mwezi. Waliomaliza ni 16, waliolipa kidogo ni tisa, na 16 hawajaleta hata senti, wakiwemo wawili waliolalamikia gesi kwa sauti kubwa kuliko wote. Ningewataja, ila mweka hazina amenisihi nisifanye hivyo.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuendelea na mazungumzo haya, pengine tuwarekodi wazee wangali na nguvu. Suala la gesi litaangaliwa tena. Tumeonana pia na watu wa kaunti kuhusu kibanda cha kudumu cha kuuzia, nao wametupa matumaini.

Uchaguzi utafanyika baada ya chai. Anayetaka kugombea aonyeshe kwanza risiti yake ya ada.

Mwenyekiti