Bajeti ikipungua, dada wa kazi asipunjwe kimyakimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu. Kila Januari mtoto anapoanza darasa la awali, ada huingia kwenye bajeti, na mshahara wa dada wa kazi huwa wa kwanza kutazamwa kwa jicho la husuda. Wengi hawamwambii kitu. Mshahara unachelewa wiki, kisha mbili, kisha inatoka nusu na ahadi. Wakati huohuo anabebeshwa nguo za nyumba nzima, eti mtoto siku hizi anashinda shule. Akiondoka bila kuaga, tunalalamika kwamba madada hawana shukrani.

Hali ikibadilika, kaeni naye chini kabla mwezi haujaanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka masharti yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi na kuyaandika upya. Karatasi moja inatosha: siku za kazi, saa ya kuingia na kutoka, kazi zenyewe, mshahara na tarehe ya kulipa. Punguzeni siku au saa, lakini malipo ya kila siku au saa anayofanya kazi yabaki palepale.

Hesabu inayokosewa zaidi ni ya kumtoa dada kwenye kulala na kumfanya wa kutwa kwa mshahara uleule. Huko ni kumpunguzia. Alikuwa anakula, anaoga na kulala bila kutoa senti. Sasa anatafuta chumba, na wenye nyumba Dar es Salaam hudai kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, bado nauli ya daladala kwenda na kurudi. Hata amri ya serikali ya kima cha chini cha mshahara imemweka kundi lake asiyelala kwa mwajiri na kumpa kiwango cha juu kuliko anayelala. Kama huwezi kumwongezea, heri abaki kulala, asubuhi awe huru na shughuli yake, akampokee mtoto gari la shule likifika.

Njia ninayoipenda ni majirani wawili kuchangia dada mmoja. Tuseme alikuwa analipwa Sh150,000: kila nyumba itoe Sh90,000. Yeye anapata Sh180,000, nanyi kila mmoja anaokoa Sh60,000 kuliko kuajiri dada wake peke yake. Mpango huu huvunjwa na mambo madogo. Nyumba moja inamrundikia mashuka na mapazia, kwa hiyo andikeni kwamba anafua nguo za watoto tu. Mtoto mmoja akishikwa na homa au surua, nani anabaki naye? Likizo yake ya siku 28 iwe kipindi kimoja kwa nyumba zote mbili, la sivyo hataipumzika kabisa. Na mmoja akihama, atoe taarifa mwezi mzima.

Ikishindikana kabisa, anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, na aliyetimiza mwaka ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Kwa anayefanya kazi siku 6 kwa wiki, gawa mshahara wa mwezi kwa 26. Sh150,000 ni kama Sh5,769 kwa siku. Miaka 4 ni takriban Sh161,500. Ongeza siku za likizo ambazo hajachukua, na umpe barua ya utambulisho yenye namba yako ya simu, maana nyumba atakayokwenda itataka kukupigia.

Msomaji,
Tabata, Dar es Salaam