Mjomba, hatukuwa na maazimio

Shikamoo mjomba,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikalikwepa. Nilikuwa nimekusimulia kwamba nimetoka kwenye kongamano la wanafalsafa, siku tatu nzima, nawe ukauliza kama mtu aliyekalia vikao vingi maishani: "Sasa mliazimia nini?" Nikakwambia sikusikii vizuri, mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wapo wengi wanaojiuliza hivyo hivyo, na kwa sababu kwenye simu ungenicheka kabla sijamaliza.

Hatukuazimia lolote. Halikusomwa tamko siku ya mwisho, wala haikuundwa kamati ya kufuatilia utekelezaji. Mwenyekiti aliwashukuru waandaaji, watu wakabeba mabegi yao, wakashuka ngazi huku bado wanabishana.

Namna inavyokwenda ni hivi. Miezi kadhaa kabla, waandaaji hutoa wito. Unatuma ikisiri, yaani muhtasari mfupi wa makala yako, mara nyingi bila jina, ili wanaoipima wasijue kama wewe ni profesa au mwanafunzi. Ukipita unapewa muda, tuseme dakika 20 za kuwasilisha na 10 za maswali. Mgeni rasmi hupewa zaidi. Wengi wetu tunasoma makala yetu karatasini neno kwa neno, jambo ambalo watu wa fani nyingine huliona kichekesho. Lakini ukiteleza ukasema "lazima" pale ulipokusudia "huenda", kuna mtu safu ya tatu atalidaka. (Wengine husoma kwa woga tu. Mimi nimo.) Mahali pengine hupangwa mchokoza mada, ambaye amekwisha kuisoma kazi yako na ametumwa atafute palipo pabovu.

Maswali ndiyo shughuli yenyewe. Katika kumbi nyingi zipo ishara: ukiinua mkono mzima, una swali jipya, na mwenyekiti anakuingiza kwenye orodha yake, ukiinua kidole kimoja, una nyongeza fupi juu ya swali linalojadiliwa, na unaruhusiwa kuruka foleni. Usidhani wanafalsafa ni waadilifu kuliko watu wengine. Nimeshuhudia kidole kikizaa hotuba ya dakika sita.

Mada yangu ilihusu ahadi tunazowapa watu waliokwisha kufa, au wanaokufa kabla hatujazitimiza. Ahadi ni deni, sawa, lakini anayedai ni nani ikiwa mwenyewe hayupo? Nilijibu kwamba wanaodai ni walio hai: ahadi zikipuuzwa, sote tunapoteza kitu tunachokitegemea, basi jamii inarithi dai la marehemu. Niliipenda sana hoja hii. Nilikaa nayo mwaka mzima.

Akainua mkono binti mmoja, mwanafunzi, sauti ya chini kabisa. "Mtu mmoja yuko peke yake na mgonjwa anayekata roho. Anamwahidi jambo kwa kunong'ona. Hakuna aliyesikia, hakuna atakayejua. Akiivunja ahadi hiyo, jamii imepoteza nini?"

Mjomba, ukumbi ulikaa kimya. Nikasema, "Atakuwa amejizoesha kuvunja ahadi." Akatikisa kichwa: "Hapo kosa linakuwa la tabia yake. Deni limekwenda wapi?" Vidole vitatu vikainuka kwa mpigo. Nikasema la kusema: sina jibu, nitalifikiria. Wengi hawapendi kulitamka hilo mbele ya watu. Huanza kuzungusha maneno, na hadhira inajua kabisa kwamba yanazungushwa.

Hapo zamani maazimio yalikuwepo. Vyuo vikuu vya Ulaya vya karne ya 13, Paris hasa, vilikuwa na midahalo ya hadhara wakati wa Majilio na Kwaresima ambamo mtu yeyote aliruhusiwa kuuliza jambo lolote. Pingamizi zilirundikwa, zikajibiwa papo hapo, halafu siku nyingine mwalimu alirudi kuzipanga na kutoa hukumu yake. Tomaso wa Akwino, mwanafalsafa na mwanateolojia wa wakati huo, ametuachia mikusanyo ya midahalo ya namna hiyo. Sisi tumebaki na pingamizi, hukumu tumeitupa. Kuna siku natamani irudi. Halafu nakumbuka baadhi ya watu ambao wangepewa kiti cha kuhukumu, natulia.

Na hata tungetaka kuandika taarifa ya pamoja, sina hakika kama tungeweza. Tarehe 25 Oktoba 1946, huko Cambridge, Uingereza, mwanafalsafa Karl Popper alialikwa kuzungumza mbele ya klabu ya falsafa ambayo mwanafalsafa mwenzake, Ludwig Wittgenstein, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake. Popper alishikilia kwamba yapo matatizo halisi ya kifalsafa. Wittgenstein aliona ni mafundo ya lugha tu. Katikati ya mabishano Wittgenstein alishika chuma cha kuchochea moto. Je, alimtishia nacho mgeni? Alitoka kabla au baada ya Popper kumjibu kwa mzaha? Popper aliandika hivi, wengine waliokuwa chumba kile kile wakasema sivyo. Nao walikuwa watu ambao kazi yao ni ukweli na ushahidi!

Utaniuliza basi watu wanarudi na nini. Mara nyingi ni kitu ambacho hakikuwa kwenye ratiba. Mwaka 1900 mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell alikwenda kwenye kongamano la kimataifa la falsafa mjini Paris. Akamwona mwanahisabati Mwitaliano Giuseppe Peano akiwazidi wengine kwa usahihi katika kila mjadala. Akaomba maandishi yake yote, akarudi nayo kuyasoma, na baadaye akaliita kongamano lile hatua ya kugeuka katika maisha yake ya fikra. Hakurudi na azimio. Alirudi na mzigo wa vitabu vya mtu mwingine.

Jirani zaidi nasi yupo Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1978 mjini Accra, kwenye mkutano wa kumkumbuka mwanafalsafa Anton Wilhelm Amo, aliwasilisha makala iliyoigawa falsafa ya Afrika katika mikondo minne. Watu waliibishia miaka na miaka, naye mwenyewe baadaye akaongeza miwili. Mmoja katika ile minne ya kwanza ulikuwa wa wazee wenye hekima: Oruka aliwafuata wazee ambao hawakusoma falsafa chuoni, akawahoji, akitafuta hasa wale wanaothubutu kuzihoji imani za jamii zao wenyewe. Nikisoma mahojiano yale nakukumbuka wewe, na jinsi unavyomkatiza kila msemaji kwa "Subiri, hapo umeruka."

Yule binti aliyeniuliza swali nilimkuta nje ya ukumbi baada ya kikao. Nilidhani ana jibu, kumbe hana. Alisema swali lile limemsumbua tangu aliposoma ikisiri yangu, akaona aje na mwenzake wa kusumbuka naye. Tulisimama pale mpaka wahudumu wakaanza kukunja viti. Tangu niliporudi nimefuta kurasa nne za makala. Sehemu ya pili sasa ina kichwa tu, chini yake hakuna kitu.

Kwa hiyo mjomba, nikuulize wewe, na usiniambie mtandao unakatika. Ahadi aliyoisikia marehemu peke yake, nani anaidai?