Plinius walikuwa wawili

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa historia Jumapili iliyopita ilinikolea hadi nilipofika aya ya nne. Hapo mwandishi anatuambia kuwa Plinius, mwandishi wa Kirumi, yule yule aliyefariki mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, alimwandikia Kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Barua hiyo iliandikwa zaidi ya miaka 30 baada ya mlipuko. Marehemu gani huyo anayeshika kalamu?

Walikuwa wawili, mtu na mjomba wake. Nasema mjomba kwa maana yake hasa, kaka wa mama, si huyu "anko" wa siku hizi. Mjomba, Gaius Plinius Secundus, alikuwa mkuu wa manowari za Roma huko Misenum. Katika wosia wake alimfanya mpwa kuwa mwanawe, na kijana akalibeba jina: Gaius Plinius Caecilius Secundus. Ndiyo maana huitwa Plinius Mzee na Plinius Kijana.

Mwandishi wenu asione haya sana. Katika Zama za Kati wasomi Ulaya waliwadhania mtu mmoja, mpaka mwanzoni mwa karne ya 14 mtumishi wa kanisa kuu la Verona, Giovanni de Matociis, alipoandika kijitabu kuwatenganisha. Gazeti limechelewa miaka 700 tu.

Kazi zao wala hazifanani. Mzee ndiye wa Naturalis Historia, vitabu 37 vya nyota, wanyama, miti, dawa na madini. Mwenyewe anajisifu kukusanya mambo 20,000. Aliandika pia vitabu 20 vya vita vya Wagermani, navyo vimepotea. Kijana ni mtu wa barua: vitabu 9 alivyovitoa mwenyewe, na cha 10 chenye barua zake na Trajan, nyingi zikiwa za alipokuwa gavana wa Bithinia, jimbo la Roma katika Uturuki ya leo. Ya Wakristo imo humo.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba habari nyingi za mjomba tunazipata kwa mpwa. Ndiye anayesimulia kwamba siku moja Mzee akisomewa kitabu, rafiki yake alimkatiza msomaji arudie neno alilolitamka vibaya. Mzee akamuuliza, kwani hukuelewa? Akajibu alielewa. Basi umetupotezea mistari zaidi ya 10, akamwambia. Hata kijana mwenyewe alikaripiwa kwa kutembea kwa miguu. Angebebwa kwenye kiti angeweza kusoma njiani!

Na ndiye aliyemsimulia mwanahistoria Tacitus kifo cha mjomba: wingu lenye umbo la msonobari, watu waliojifunga mito kichwani kujikinga na mawe yaliyokuwa yakinyesha, Mzee akalala juu ya tanga ufukweni akiomba maji baridi. Kijana hakuyaona hayo ya ufukweni. Alikuwa na miaka 17, na mjomba alipomwalika wafuatane kulitazama lile wingu, alijibu kuwa afadhali abaki amalizie kazi ya kuandika ambayo mjomba huyo huyo alikuwa amempa.

Naomba masahihisho yatoke ukurasa ule ule, na ile barua kwa Trajan arudishiwe mpwa.

Msomaji wako,
Mwalimu mstaafu, Tanga