Wazee wapimwe kiuno pia, si kilo peke yake

Mhariri,

Mi nauliza tu, mbona kliniki zetu mzee akifika anapandishwa kwa mizani, anapimwa presha, anaandikiwa kilo kwa kitabu halafu anaambiwa uko sawa enda nyumbani? Mama yangu ana miaka 71, kilo 60, urefu mita 1.58. Ukipiga ile hesabu ya BMI, yaani kilo ugawanye kwa urefu mara urefu, unapata 24, na unene unahesabiwa kuanzia 25, basi miaka yote anaambiwa hana neno.

Aliyegundua shida ni fundi wa nguo hapa Kibuye. Tulikuwa tunashonewa sare ya matanga, akazungusha tepu akasema mama, kiuno ni inchi 38 na nguo ya Krismasi ilikuwa 34, sisi tukacheka, mama akanuna. Kumbe hiyo ni karibu sentimita 97, na kwa wanawake hatari inaanza 80, ikipita 88 imezidi (wanaume ni 94 na 102). Kumpeleka kupima sukari, iko juu.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba mtu akizeeka misuli inaisha, mikono na miguu inakonda, lakini mafuta yanajaa tumboni yanazunguka ini na matumbo, na kilo zinabaki zilezile so mizani haioni kitu. Hayo mafuta ya ndani ndio yanafanya insulini, ile homoni ya kushusha sukari mwilini, ishindwe na kazi, presha inapanda, moyo unaumia. Na wazee wanapungua urefu pia, kwa hivyo hata hiyo BMI inayumba.

Waingereza tangu 2022 mwongozo wao wa afya unasema kiuno kisifike nusu ya urefu. Nusu ya urefu wa mama ni sentimita 79, ona vile amepita. Hata tepu si lazima, kata kamba urefu wako, ikunje mara mbili, ikikataa kuzunguka tumbo enda ukapimwe. Pima kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi, na si juu ya leso. Na wale wazee wa kitambi ni heshima tafadhali wasivute tumbo ndani.

Tepu ya fundi haifiki bei ya kilo ya sukari, sasa kliniki inashindwa nini? Mama siku hizi anabeba yake kwa kibeti, na akishuka kwa mizani anampatia nesi.

Msomaji wenu,
Kondele, Kisumu