Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chama cha Wanafunzi Wanaojitolea

Ndugu mlezi wa chama, wajumbe wa kamati tendaji, na wanachama wenzangu mliofika,

Nasema "mliofika" kwa makusudi. Mkutano mkuu wa kwanza uliahirishwa kwa kukosa akidi, na huu ni wa pili. Nawashukuru nyinyi ambao mmekuja mara zote mbili.

Shughuli za mwaka mnazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Usafi wa mazingira mara 6, kutembelea wazee mara 4, kuchangia damu mara 2, kupanda miti mara 1, na vipindi 26 vya kuwafundisha watoto kusoma kila Jumamosi. Saa zilizothibitishwa ni 1,312. Katika zoezi la kwanza la damu, watu 9 walirudishwa kwa kuja na njaa, ingawa tangazo la kuwataka wale na kunywa maji niliandika mwenyewe, tena mara mbili. Kwa wanachama wapya: mfuko mmoja huchukua takriban mililita 450, na chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, zinazotengwa humo hukaa siku 5 hadi 7 tu. Ndiyo maana watu wa benki ya damu hawafurahii umati wa siku moja. Wanataka wachache wanaorudi.

Sasa nije kwenye fomu, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo.

Mwishoni mwa muhula nililetewa fomu 43 za kuthibitisha saa za kujitolea. Nilitia saini 17. Hizo 26 nilizirudisha, na tangu hapo nimeitwa polisi, nimeitwa mbinafsi, na kuna aliyeandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba nawaharibia watu maisha. Naomba nieleze mara moja, nisirudie tena.

Siku ya usafi wa tatu, daftari la mahudhurio lilikuwa na majina 47 kufikia saa tatu asubuhi. Saa sita, wakati wa kuosha ndoo na kukusanya makoleo, nilihesabu watu 14. Usiku nikakaa na lile daftari. Majina sita yaliyofuatana yaliandikwa kwa kalamu moja ya kijani, kwa mkono mmoja, kila herufi "g" ikiwa na mkia ule ule uliopinda kushoto. Wenye majina hayo wote walileta fomu. Mmoja alikuwa amejiandikia saa 40.

Kuanzia hapo niliamua kila mtu asaini anapoingia na anapotoka. Ni kweli uamuzi huo sikuupeleka kwanza kwenye kamati. Katibu amenikumbusha mara kadhaa kwamba katiba inataka hivyo, na nimemsikia. Lakini kamati iliitwa mara tatu na haikutimia hata mara moja. Ningemsubiri nani?

Mnasema fomu ni karatasi tu. Mwenzenu akiomba ufadhili au kazi, anayeisoma hajui kwamba ni karatasi tu, anaamini. Siku akigundua kwamba saini yangu inatoka kwa yeyote anayeiomba, itakuwa haina maana hata kwa wale 17 waliotoka jasho.

Na saa hizi si hesabu tupu. Jumamosi moja walimu 8 walithibitisha kwamba watakuja kufundisha, wakaja 3. Tuliwagawa watoto upya, lakini mtoto mmoja alikataa kuhama. Alikuwa ameweka daftari lake juu ya kiti cha pili ili kisichukuliwe, akisema dada yake wa kusoma yuko njiani. Kiti kile kilibaki hivyo hadi tunafunga milango. Huyo dada naye alileta fomu, na Jumamosi ile ilikuwemo.

Kuna aliyeuliza fomu yangu ilisainiwa na nani. Ilisainiwa na mlezi wa chama. Na zile shughuli tatu ambazo sikuhudhuria nilikuwa na mitihani, na taarifa nilitoa mapema.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu kamili. Mimi nitasema machache. Daftari lina wanachama 164. Waliolipa ada kamili ni 58, waliolipa nusu ni 9, na 97 hawajalipa chochote, baadhi yao wakiwa wa kwanza kuuliza fulana za chama ziko wapi. Sabuni na glavu za usafi wa mwisho nilinunua kwa fedha yangu, na sidai kurudishiwa. Nataka tu iandikwe kwenye kumbukumbu.

Tarehe 5 Desemba, siku ya kimataifa ya wanaojitolea iliyotengwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985, tulipanga maadhimisho makubwa. Tulikuwa watu 11, pamoja na mpiga picha.

Mwaka ujao tunatarajia kuimarisha masomo ya Jumamosi na, Mungu akipenda, kupata usafiri wa uhakika. Kamati mpya italitazama suala hilo. Fomu zile 26 bado ninazo. Mwenye ushahidi wa saa zake aje nao, tutakaa na daftari tukague pamoja, mstari kwa mstari.

Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.

Mwenyekiti