Gitaa moja limepasuka, manne bado yako kwa wenyewe: nifanye nini?

Ndugu Mhariri,

Nina jambo linaloninyima usingizi, na kwa kuwa najua miongoni mwa wasomaji wenu wamo maseremala, wanamuziki na watu waliowahi kuuza kazi ya mikono yao, naomba mniwekee barua hii mbele yao, kwa maana shauri ninalolitafuta sijalipata hapa nyumbani.

Mimi ni seremala wa makabati na milango. Kwa miaka sita sasa, jioni na siku za Jumapili baada ya ibada, nimekuwa nikiunda magitaa makavu, yaani yasiyotumia umeme, katika karakana ya mabati niliyoijenga nyuma ya nyumba yangu huku Dagoretti. Baba yangu alipiga gitaa kavu kwa mtindo wa omutibo, kama walivyopiga vijana wengi wa Magharibi mwa Kenya enzi za mpiga gitaa George Mukabi, na gitaa la kwanza nililolishika kwa nia ya kulitengeneza lilikuwa lake, lililokuwa limebanduka daraja, yaani kipande cha mbao usoni kinachoshikilia nyuzi. Tangu siku hiyo sijaiona kazi nyingine ya mbao inayonipa furaha kama hii.

Mwaka jana, kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Juni, niliunda magitaa matano kwa pamoja. Yote yana uso wa saiprasi, mgongo na mbavu za mahogani, na ubao wa vidole wa mpingo. Niliyauza kwa shilingi 28,000 kila moja, na sikutangaza popote. Mteja mmoja alimleta mwingine. Moja lilichukuliwa na mwalimu wa kwaya wa parokia ya jirani, mawili yako kwa vijana wa hapa Nairobi wanaopiga kwenye harusi, la nne lilipelekwa Mombasa, na la tano lilinunuliwa na mwalimu kijana ambaye mwezi wa Januari alihamishiwa Lodwar.

Katikati ya Februari mwalimu wa kwaya aliniletea gitaa lake likiwa limefungwa kwenye leso. Hakunilaumu, alisema tu, "Fundi, hebu liangalie." Nililiingiza ndani ya karakana, nikafunga mlango, nikatia tochi ya simu kwenye tundu. Mstari mwembamba wa mwanga ulipenya usoni kuanzia nyuma ya daraja hadi ukingo wa chini, urefu wa kiganja na nusu. Nilipoweka rula juu ya uso, ambao niliuacha ukiwa na kitumbo kidogo kama inavyotakiwa, niliona umebonyea, na nyuzi zilikuwa zimeshuka kiasi cha kugonga freti, vile vyuma vyembamba vilivyokingama kwenye ubao wa vidole.

Kinachoniuma zaidi ya ufa wenyewe ni kwamba nilikuwa nimeonywa. Mwezi mmoja kabla, mwalimu huyo huyo alikuja akisema kwamba freti zinamkwaruza mkono. Nilizipapasa nikakuta ncha zake zimechomoza nje ya ubao wa vidole pande zote mbili, nikachukua tupa, nikazisawazisha kwa nusu saa, nikamrudishia gitaa lake na kumtakia heri. Sikujiuliza chuma kimepataje kurefuka. Chuma hakikurefuka, ni ubao uliosinyaa.

Baada ya kuuona ufa huo nilikumbuka kwamba nilibaki na uso mmoja wa saiprasi, ambao niliuranda wiki ile ile pamoja na wenzake mwezi wa Mei lakini sikuutumia kwa sababu ulikuwa na kijicho cha tawi mahali pabaya. Kwa bahati nina mazoea ya kuandika vipimo katika daftari. Mwezi wa Mei ubao huo, wenye unene wa milimita 2.7, ulikuwa na uzito wa gramu 260 na upana wa sentimita 40 kamili. Niliupima tena kwa mizani ile ile ya jikoni: gramu 246, na upana wa sentimita 39.7. Gramu 14 za maji zimetoka katika ubao ninaoweza kuunyanyua kwa vidole viwili, na milimita 3 za upana zimeondoka nazo.

Wasomaji walio maseremala wameshaelewa. Ubao husinyaa kwa upana, na kwa urefu karibu hausinyai kabisa. Chini ya uso wa gitaa tunagundisha mataruma, yaani vijiti vya kuuimarisha, yanayoukata ubao kwa kukingama, na hayo hayafupiki. Niliyagundisha wakati wa masika, hewa ikiwa imejaa maji, na Januari ilipofika na jua lake, uso ukataka kujivuta, mataruma yakaushikilia, ukakosa pa kwenda ukapasuka. Nimefanya kazi ya milango kwa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi hata mara moja kutia gundi kwenye ubao wa kati wa mlango wa fremu, kwa kuwa najua ni lazima uachwe ucheze. Jambo ninalomfundisha kila mwanagenzi katika wiki yake ya kwanza, mimi mwenyewe sikulihamishia kwenye gitaa.

Naomba niseme pia kwamba mti hauna kosa. Mmoja wa vijana wa harusi, alipousikia mkasa huu, alisema kwamba mbao zetu hazifai na kwamba ningeagiza sprusi kutoka ng'ambo. Sprusi ningeiacha katika karakana hiyo hiyo mwezi wa Mei, nayo ingekunywa maji yale yale. Wala simlaumu mzee aliyeniuzia mbao pale Gikomba, aliyeniambia kuwa zimekaa ghalani miaka miwili. Huenda alisema kweli. Ubao mkavu ukishakuwa mwembamba kiasi hicho, siku chache za mvua zinatosha kuurudisha ulikotoka.

Sasa nije kwenye shida yenyewe. Gitaa la Mombasa halinitishi sana, maana hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Mawili ya hapa Nairobi sijui hali yake. Sijayaangalia, na wenyewe hawajalalamika. Lakini wiki mbili zilizopita mwalimu wa Lodwar aliniandikia ujumbe mfupi: "Shikamoo fundi. Gitaa linalia vizuri, ila freti zimeanza kunikwaruza." Lodwar ni mji wa joto na ukavu ambao Nairobi haiufikii hata Februari. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi, na mpaka leo sijaujibu.

Mke wangu, ambaye ndiye anayeweka hesabu za karakana, ananiambia kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Simwoni kuwa mtu asiyejali. Muhula wa pili unakaribia, tuna watoto wawili wa kulipiwa karo, na nimepokea malipo ya awali ya shilingi 20,000 kutoka kwa wateja wawili wapya, ambayo sehemu kubwa imeshanunua mpingo na vigingi. Kubandua uso wa gitaa na kuweka mwingine hunichukua wiki tatu za jioni. Nikiyarudisha magitaa yote niliyoyajenga katika msimu ule, nitafika Agosti bila kuingiza shilingi moja kutokana na kazi hii, na wateja wapya watasubiri wasijue kwa nini. Anasema, na hoja yake ina uzito, kwamba pengine yale mawili hayatapasuka kamwe, na kwamba nikiwatia watu hofu bure nitalizika jina langu kwa mikono yangu.

Moyo wangu unakataa. Watu wale walinipa fedha wakiamini kwamba ninajua ninachokifanya. Nyuzi sita za chuma huvuta daraja na shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 70 usiku na mchana, na ninapofikiria nguvu hiyo ikivuta uso ambao tayari umekazwa kama ngozi ya ngoma, siwezi kukaa nikisubiri simu.

Naomba basi ushauri wa namna mbili. Kwa mafundi, nataka kujua kama gitaa lililojengwa na unyevu linaweza kuokolewa kabla ya kupasuka. Ufa wa mwalimu wa kwaya naweza kuuziba: nitaurudishia uso unyevu polepole hadi kingo zikutane, nitie gundi, kisha nibandike vipande vidogo vya saiprasi kwa ndani vikikingamana na ufa. Hilo nimelifanya kwa magitaa ya watu wengine. Ninachoogopa ni kwamba uso huo utaendelea kutaka kusinyaa kila Januari, na kuuwekea unyevu ni kuahirisha tu. Je, kuna aliyewahi kubandua mgongo, akayaondoa mataruma, akauacha uso ukauke kwa utaratibu kisha akayarudisha, bila kuubadilisha wote?

Vilevile naomba kusikia mnavyoidhibiti hewa ya karakana hapa Nairobi. Mabati huwaka adhuhuri na kutoa jasho alfajiri. Kipima unyevu nilichonunua baada ya mkasa huu kimesoma asilimia 34 mchana na 68 kabla ya mapambazuko katika siku moja, na masika yenyewe hayajaanza. Nimesoma kwamba uso na mataruma vigundishwe hewa ikiwa kati ya asilimia 45 na 50. Nimetengeneza kabati lenye balbu mbili za kukaushia mbao, lakini ubao ukitoka kabatini hunywa maji kabla sijamaliza kuupaka gundi. Ninawaza kutenga chumba kidogo ndani ya karakana chenye dari na kuta za mbao, au kuacha kabisa kugundisha kati ya Machi na Juni, jambo ambalo litanikatia robo ya mwaka.

Na kwa wasomaji wote, wawe mafundi au wasiwe, nisaidieni katika hili: niwaambie nini wale vijana wawili, ambao magitaa yao huenda ni mazima? Niwaombe wayalete niyakague bila kuwaeleza sababu, au niwaeleze yote na kuwaachia uamuzi, hata kama watataka fedha zao?

Kuhusu Lodwar sitasubiri majibu yenu. Leo usiku nitamwandikia mwalimu yule alegeze nyuzi, alifungie gitaa ndani ya kasha lake pamoja na sifongo chenye maji kilichokamuliwa na kutiwa kwenye kisanduku cha sabuni chenye matundu, na nitamweleza kwa nini. Nauli ya kulirudisha Nairobi nitailipa mimi.

Wenu mtiifu,
Seremala wa Dagoretti, Nairobi