Sijatia sahihi, kaka

Houston, Texas
Jumapili, 22 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Na wifi mpe shikamoo yangu, watoto wote wasalimie. Sisi huku hatujambo. Joto la Houston bado halijaondoka, na ile miguu niliyokulalamikia inavimba nikitoka zamu ya usiku, inapungua nikilala. Ndivyo tunavyokwenda.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, ule wa kunitaka nitie sahihi fomu ya binti yangu kuhitimu sekondari mwaka mmoja mapema. Umesema, "Mwache mtoto amalize. Huku kwetu mtoto akirushwa darasa ni sherehe, wewe unamzuia kwa lipi?" Nilitaka kukujibu palepale nikashindwa, maana mpwa wako alikuwa chumba cha pili na kuta za hapa ni jipsamu, neno halifichiki. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mwagize mmoja wa watoto aipeleke barua hii stesheneri wakuchapie, uisome kwa miwani yako, taratibu, kama ulivyokuwa unasoma insha zetu.

Kwanza, kaka, huku hajarushwa mtu darasa. Neno hilo ndilo lililotupotosha. Uliniuliza mtihani wa mwisho ni upi, nikababaika, kwa sababu mtihani wa namna ile tuliyoizoea haupo. Hakuna Kidato cha Nne cha kukaa wiki chache kisha maisha yako yote yakasubiri matokeo. Huku mtoto anakusanya krediti, mfano wa mtu anayejaza kibubu. Somo la mwaka mzima akilifaulu ni krediti moja, la nusu mwaka ni nusu. Hapa Texas mpango wa msingi unataka 22: Kiingereza nne, hisabati tatu, sayansi tatu, historia pamoja na uraia na uchumi tatu, lugha nyingine mbili, michezo moja, sanaa moja, na tano za kujichagulia. Kila jimbo lina hesabu yake, kwa hiyo akitokea mtu wa Ohio akakutajia namba nyingine, naye hajakosea.

Mitihani ya jimbo ipo, mitano, ila kila mmoja unakuja na somo lake: Aljebra ya Kwanza, Bayolojia, Kiingereza cha Kwanza, Kiingereza cha Pili, na Historia ya Marekani. Ukianguka unarudia. Kiingereza cha Kwanza kilimwangusha mpwa wako mwaka ule wa kwanza tulipofika, akarudia Desemba akapita. Sasa amebakiza Historia ya Marekani peke yake, ataifanya Mei.

Na kuna mambo mengine yamo kwenye masharti ya kuhitimu ambayo sikuyategemea. Lazima wafundishwe kumkandamiza kifua mtu aliyesimama moyo. Lazima pia wafundishwe namna ya kuzungumza na polisi akikusimamisha barabarani. Hilo ni sheria ya Texas ya 2017. Siku aliyofundishwa alirudi nyumbani akanikalisha kwenye kiti cha jikoni, akaniambia nijifanye naendesha. Mikono kwenye usukani, mama. Usifungue droo ya gari kabla hujamwambia unatafuta nini. Nimelishika somo lile, maana mimi ndiye ninayeendesha alfajiri.

Sasa nikupe habari itakayokufurahisha wewe mwalimu wa Kiswahili. Zile krediti mbili za lugha, mpwa wako amezipata kwa Kiswahili. Shule yake inaruhusu mtoto apimwe kwa lugha aliyokuja nayo: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, vyote kwa kompyuta. Kwenye kuongea alitakiwa aeleze jambo linalofanyika kwao. Akaeleza jinsi marehemu mama alivyokuwa akikuna nazi: unakalia mbuzi, unashika kizio kwa mikono miwili, unazungusha pole pole, ukianza kuona weusi unaacha ili tui lisiharibike rangi. Alipotoka akanipigia simu kazini: "Mama, nimesema nilikalia mbuzi, halafu nikaogopa watadhani nilikaa juu ya mnyama." Aliyesahihisha alimwelewa. Nilikuwa nabadilisha shuka za mzee mmoja, nikaegemea ukuta nikacheka mpaka machozi. Zile jioni ulizokuwa ukimsomesha barazani Muheza zimehesabiwa Texas, kaka.

Basi mimi nikadhani mtoto ana bidii tu. Julai hii akasoma Serikali ya Marekani na Uchumi kwa mtandao, wakati wenzake wako likizo. Kimbunga Beryl kikatupiga tarehe 8, watu zaidi ya milioni mbili wakakosa umeme, kwetu ulikatika siku sita. Alikuwa anakaa ndani ya gari letu, injini inawaka, simu inachaji, anajibu maswali ya uchumi kwenye kioo kile kidogo huku jasho linamdondoka. Mwezi uliopita akaomba asome Kiingereza cha Tatu na cha Nne kwa pamoja, mwaka huuhuu wa darasa la kumi na moja. Nikamwombea dua nikamsifu. Sikujua kwamba alikuwa anahesabu.

Hesabu yenyewe niliikuta wiki mbili zilizopita nyuma ya bili ya umeme. Darasa la tisa na la kumi, 14. Kiswahili, 2. Julai, 1. Mwaka huu, 7. Jumla 24, ameipigia mistari miwili. Chini yake: Mei 2025. Na chini kabisa, kwa kalamu nyingine: "Mama aache zamu ya usiku."

Hapo kaka ndipo nilipoelewa kwa nini alikupigia wewe kabla ya kuniambia mimi.

Sasa uone tofauti iko wapi, maana hii ndiyo sehemu ambayo hakukueleza, na sidhani kama alikuficha kwa makusudi. Mtoto akiingia darasa la tisa Texas anachagua mchepuo, mfano wa kwetu tu. Yeye alichagua Huduma za Umma, ambamo masomo ya afya yamo, kwa kuwa anataka uuguzi tangu akiwa mdogo anafunga vidonda vya kuku. Mwenye mchepuo hamalizi na 22, anamaliza na 26, ikiwemo hisabati ya nne na sayansi ya nne. Baada ya darasa la kumi mtoto anaruhusiwa kuuacha mchepuo akabaki na mpango wa msingi, mradi mzazi akubali kwa maandishi. Sahihi inayotafutwa kwangu ni hiyo. Fomu inasema kuhitimu mapema, lakini kwa hesabu yake ya 24 maana yake ni kuhitimu bila mchepuo.

Nilikwenda kwa mshauri wa shule nikiwa na sare ya kazini, sijalala. Mama yule alinikalisha akanifafanulia bila haraka, nitamshukuru daima. Texas ina sheria ya tangu 1997: mtoto aliye ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake anapokelewa na chuo kikuu cha umma cha jimbo moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, kwa wingi wa waombaji, kwa wanaoingia mwakani wanachukua asilimia 6. Lakini ili uhesabiwe humo lazima uwe umemaliza mchepuo na umesoma Aljebra ya Pili. Aliyetoka na mpango wa msingi anaweza kuomba kama mtu mwingine yeyote, ila ule mlango wa sheria si wake tena. Na mpwa wako, kaka, mwisho wa darasa la kumi alikuwa wa 19 kati ya wanafunzi 412. Piga hesabu mwenyewe. Kiti cha uuguzi atakishindania hata hivyo, lakini atakishindania akiwa mguu mmoja umeshaingia ndani.

Halafu mwaka wa nne, yaani darasa la kumi na mbili, anaoutaka kuuruka, ndio mwaka wa kwenda hospitalini kwa mazoezi na kufanya mtihani wa cheti cha msaidizi wa muuguzi. Miaka miwili ya nadharia amekaa, siku ya kumgusa mgonjwa ndiyo anataka kuondoka! Na tukisema aingie chuo mwakani, maombi ya Austin yanafungwa tarehe 1 Desemba, yaani wiki kumi kutoka leo, na hajaandika hata mstari.

Usidhani nachukia jambo lenyewe. Jirani yetu, kijana Mkongo wa Uvira, alihitimu mapema mwaka jana na alifanya sawa kabisa. Alifika hapa ana miaka 17, miaka mingi imepotelea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wakamweka darasa la tisa na watoto wa miaka 14. Alisoma majira yote ya joto, akafanya mitihani ya krediti ambayo lazima upate 80 kwa 100 ndipo wakupe somo bila kulikaa darasani, akatoka na 26 zake kamili. Yule alikuwa anauwahi umri wake. Binti yetu ana miaka 16. Anawahi nini?

Anawahi miguu yangu. Nilipomuuliza alikana kwanza, kisha akasema kuna kazi ghalani, ya kubeba boksi, wanachukua wenye cheti cha sekondari, na angefanya mwaka mmoja tu "tupumue", halafu aende chuo. Kwa umri wake ghala lenyewe lingemkataa, lakini sikubishana naye hapo. Nilichosikia ni "mwaka mmoja tu".

Kaka, nisamehe, kuna jambo sijawahi kukuambia. Mwaka 2009, nilipokuja nyumbani kutafuta hati ya shamba, nilifungua lile sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda cha mama. Chini ya karatasi zote nikaikuta barua yako ya kuchaguliwa Kidato cha Tano. Nilikuwa mdogo ilipokuja, ila bahasha ya kaki naikumbuka, na ukimya wa mama siku ile naukumbuka. Baba alikuwa amefariki, hata arobaini yake ilikuwa haijafika. Ukaenda Korogwe kwenye ualimu kwa sababu baada ya miaka miwili ungekuwa na mshahara, na mshahara huo ndio ulionivalisha mimi viatu vya sekondari. Barua ile ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo imelainika kama kitambaa. Karatasi iliyofungwa sandukuni hailainiki hivyo. Nikajua ilikuwa inafunguliwa. Nikairudisha palepale, na hukunisikia nikitaja mpaka leo.

Wewe hukuwa na mtu wa kukwambia subiri. Mama alikuwa na watoto watano na mkonge haulipi. Mpwa wako anaye. Mimi nimechoka, sikufichi, lakini mshahara unaingia, kodi ya nyumba inalipika, na mwaka mmoja naumudu. Nimeshamwomba msimamizi anihamishie zamu ya mchana ikipatikana nafasi. Hilo ni la kulitatua mimi, lisiwe la mtoto.

Na mwaka wenyewe si wa kukaa bure. Akiwa na krediti 24, darasa la kumi na mbili litakuwa jepesi kwake, siku nyingine atatoka mchana. Kuna masomo ya chuo yanayosomwa mtu akiwa bado sekondari, yanahesabiwa pande zote mbili, na tangu 2023 Texas ina mpango wa kuwaondolea ada watoto wa kipato chetu kwenye vyuo vilivyojiunga. Kile chuo cha jamii cha karibu nasi kimo. Akitoka Juni 2026 anaweza kuwa ameshakula nusu ya mwaka wa kwanza wa chuo. Huko ndiko kuwahi ninakokutaka.

Basi kaka, kwa heshima zote, kwa hili siwezi kukutii. Fomu iko hapa mezani chini ya kopo la sukari, sehemu yake ameshaijaza kwa mwandiko ule uliomfundisha wewe, sehemu ya mzazi ni nyeupe. Inatakiwa tarehe 30. Nitairudisha hivyohivyo.

Ninalokuomba ni moja. Nikimwambia mimi anaona namhurumia, anazidi kushupaa. Jumapili ijayo, saa moja asubuhi kwetu, saa tisa alasiri kwenu, atakupigia. Anajua utakuwa umepata barua hii. Usimgombeze. Lile sanduku najua liko kwako siku hizi. Litoe, washa video, umwonyeshe ile bahasha, umsomee mwenyewe iliandikwa nini. Mimi nitakuwa nimetoka, nitakwenda kukaa kwenye gari.

Mwambie wifi bizari nimepata, na pilipili za ndimu zimefika salama, hazikumwagika. Wa nyumba ya chini wote wasalimie.

Mdogo wako